Shajara ya mradi: sanduku la Bibi na Wamanx wa Ohio

Jumapili, 14 Januari 2024

Sanduku limefika. Mama mkwe kalileta mwenyewe kwa gari kutoka Painesville, kalishusha sebuleni, kanywa chai, halafu kasema: "Wewe ndiye unayejua mambo ya mafaili." Kazi yangu ya mchana ni kupanga kumbukumbu za wagonjwa, kwa hiyo kwenye ukoo huu karatasi yoyote isiyo na mwenyewe huishia kwangu.

Ndani mna kaseti 9, furushi la barua lililofungwa kwa uzi wa kushonea, bati la chai lililojaa matangazo ya tanzia yaliyokatwa magazetini, Biblia ya Kiingereza yenye orodha ya ubatizo kwenye ukurasa wa mbele, na kitambaa cha meza kilichotariziwa miguu mitatu inayokimbizana, alama ya Kisiwa cha Man. Vyote vya bibi yake mume wangu. Alifariki kabla sijaolewa, sauti yake sijawahi kuisikia.

Kwa mnaosoma kutoka nyumbani na kuuliza Wamanx ndio kina nani: Kisiwa cha Man kiko baharini kati ya Uingereza na Ireland. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 572, kama theluthi ya Unguja, na kina watu wapatao 84,000. Kiko chini ya Mfalme wa Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake, Tynwald, ambalo wenyewe wanalihesabia umri wa zaidi ya miaka 1,000. Lugha yao ni Kimanx, ndugu wa Kiayalandi na Kigaeli cha Uskoti.

Walifikaje Ohio? Mwaka 1825 askofu wa kisiwa alitaka kutoza zaka kwenye viazi. Viazi, jamani, chakula cha maskini! Watu wakafanya fujo mpaka zaka ikaachwa, lakini wengi walikuwa wameshachoka. Miaka ya 1826 na 1827 familia kutoka parokia za kaskazini zikavuka bahari hadi eneo la Cleveland, wakafyeka misitu ya Newburgh na Warrensville, wengine Painesville. Waliotangulia wakaita ndugu zao, kama kawaida ya wahamiaji. Mwaka 1928 kikaundwa Chama cha Wamanx wa Amerika Kaskazini, na kipo mpaka leo.

Lengo: mti wa ukoo kwenye jedwali la kompyuta, kila mtu na mstari wake, kurudi nyuma hadi waliopanda meli. Muda: miezi mitatu. (Mnaocheka, chekeni.)

Jumapili, 28 Januari

Mistari 140 tayari. Majina ya ukoo yamenichekesha: Quayle, Qualtrough, Quirk, Kermode, Kelly, Corlett, Clague, Callister. Wote wanaanza na Q, K au C, kama darasa ambalo mwalimu aliita herufi tatu tu. Sababu yake ni "Mac", yaani "mwana wa". Karne zilivyopita sehemu ya mbele ikamomonyoka, ikabaki ile "k" ya mwisho imeganda kwenye jina la baba. Quayle ni Mac Phail, mwana wa Paulo. Qualtrough ni mwana wa Walter. Kermode ni mwana wa Dermot. Ni sawa na "bin Juma" itamkwe haraka haraka vizazi kumi, mpaka wajukuu wajiandikishe shule kwa jina la Njuma.

Mume wangu ana jina la Q na hakuwahi kujua hili. Ana miaka 41.

Jumapili, 18 Februari

Leo ni kaseti. Mbili za kwanza nilizipeleka duka moja la kuhamishia sauti kwenye kompyuta. Wakanitoza vizuri tu, wakanirudishia moja utepe umekatika, na maelezo kwamba "ilikuwa ya zamani". Kama ingekuwa mpya ningeipeleka kwenu ya nini? Tangu hapo nafanya mwenyewe.

Kaseti ina skrubu tano ndogo kama punje za mchele. Ukizifungua, ganda linaachana mara mbili, na ndani kuna vigurudumu viwili, utepe, na kipande cha sponji chenye bati jembamba. Sponji ndiyo inayooza. Inageuka unga mweusi unaonata na kuufanya utepe ulie kama mlango wa choo cha shule. Nikaichomoa kwa kibano, nikafuta njia ya utepe kwa pamba na spiriti, nikahamishia vigurudumu kwenye ganda jipya, nikazungusha kwa penseli hadi mwisho na kurudi, taratibu, ili utepe ulioganda uachane. Halafu redio ya kaseti, waya, kompyuta, na programu ya bure ya kurekodi. Dakika 45 za upande mmoja zinachukua dakika 45. Hakuna njia ya mkato.

Na Bibi akaanza kuongea.

Wakati anaongea nilikuwa nikiwaza wazee wa kisiwani wenyewe. Mwaka 1947 kiongozi wa Ireland, Éamon de Valera, alitembelea Kisiwa cha Man, akaonana na mvuvi mzee aitwaye Ned Maddrell, mmoja wa wachache waliokuwa wamebaki na Kimanx cha utotoni. Mwaka 1948 Tume ya Ngano ya Ireland ikatuma gari lenye mitambo ya kurekodi kwenye sahani kama za santuri, likapita mashambani kwa wazee wale. Maddrell alifariki Desemba 1974, wa mwisho wao. Bila lile gari, watoto wanaojifunza leo wangekuwa na vitabu tu, na vitabu havina lafudhi.

Bibi yetu hakuwa mzungumzaji wa Kimanx. Anaongea Kiingereza cha Ohio. Anasimulia babu yake wa Newburgh, mtu wa lango bovu: kila akiombwa alitengeneze, "ni Tredelure tu." Ng'ombe wakitoroka, Tredelure. Nimeandika mstari wa 212: *Tredelure, jina la kwanza halijulikani, rafiki au shemeji wa babu, labda Mfaransa, huenda mlevi.*

Jumapili, 10 Machi

Jioni mbili nimemtafuta Tredelure kwenye sensa za Ohio. Hayupo. Nimemtafuta kwenye iMuseum, hazina ya mtandaoni ya makumbusho ya taifa ya Kisiwa cha Man, yenye daftari za ubatizo na magazeti ya zamani. Parokia 17, Tredelure hata mmoja. Kina John, William na Thomas wamejaa tele, baba John, mwana John, mpwa John, wote wa parokia ya Kirk Andreas, wote na mke Catherine. Kichwa kinauma.

Jumapili, 21 Aprili

Makaburini, Shaker Heights, kwenye makaburi ya zamani ya Warrensville. Upepo mkali, wanangu wawili wakiwa wamevaa kofia za sufu. Mawe mengi yamelika. Mbinu: tochi iwekwe pembeni kabisa ya jiwe, mwanga upite juujuu, ndipo herufi zinapoinuka. Usisugue kwa brashi ya waya kama alivyotaka kufanya wifi yangu. Na usipake chaki.

Binti yangu wa miaka tisa kasoma jiwe moja kwa sauti, "Isle of Man", akaniuliza kwa nini mtu aandikwe kisiwa na si mji aliofia. Nikamwambia huyo ndiye aliyetaka mumkumbuke hivyo. Akaniuliza mimi nitaandikwa nini. Nikamwambia tuangalie jiwe linalofuata.

Jumapili, 12 Mei

Nimeanza darasa la Kimanx mtandaoni. Wifi naye kajiunga. Tuko watu kama kumi na tano, karibu wote wajukuu na vitukuu waliotawanyika: Ohio, Kanada, Australia. Mimi peke yangu sina damu hiyo, na ajabu yake ndiye ninayepata shida kidogo kuliko wote.

Sababu ni hii. Kwa Kimanx mbwa ni *moddey*. Mbwa wangu ni *my voddey*. Paka ni *kayt*, paka wangu ni *my chayt*. Nyumba *thie*, nyumbani kwangu *my hie*. Neno linabadilika mwanzoni. Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba anatafuta *voddey* kwenye kamusi haioni, lugha gani hii inayobadilisha kichwa? Nikacheka peke yangu. Sisi tunaishi na jino na meno, jicho na macho, ukuta na kuta, ulimi na ndimi. Mgeni wa Kiswahili akitafuta "macho" bila kujua "jicho" atahangaika vilevile. Mzungumzaji wa Kiingereza kazoea kuangalia mkia wa neno, mimi tangu utotoni Tanga nimezoea kuangalia kichwa.

Mwalimu akatuambia Archibald Cregeen, fundi wa mawe aliyetunga kamusi ya Kimanx miaka ya 1830, aliona tatizo hilo hilo, akaingiza na maneno yaliyobadilika vichwa, kila moja kwenye herufi yake. Fundi wa mawe! Huyo alijua watu wanavyotafuta vitu.

Jambo jingine: hawana "ndiyo" wala "hapana". *Vel oo skee?* umechoka? Unajibu *Ta*, yaani ndivyo nilivyo, au *Cha nel*. Kama bibi yangu Pangani: "Umekula?" "Nimekula." Ndiyo ya nini?

Wifi amekata tamaa wiki ya kwanza, halafu kasoma kisa cha watoto wa Bunscoill Ghaelgagh, akarudi. Hiyo ni shule ya msingi pale St John's, ilianzishwa 2001, masomo yote kwa Kimanx. Mwaka 2009 UNESCO ikakiorodhesha Kimanx kuwa lugha iliyokufa. Watoto wakaandika barua, kwa Kimanx, kuuliza: kama lugha imekufa, hii tunayoandikia ni nini? UNESCO ikabadilisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimemfuta Tredelure.

Darasani leo mwanafunzi mmoja kachelewa dakika ishirini, akaomba radhi kwa kirefu. Mwalimu akatabasamu, akasema: *Traa dy liooar.* Nikaruka kwenye kiti mpaka chai ikamwagika kwenye daftari. "Rudia tafadhali." Akarudia. Traa dy liooar: muda upo wa kutosha. Msemo mashuhuri wa kisiwa kizima, anaambiwa mwenye haraka, na anajitetea nao mwenye uvivu.

Si Mfaransa. Si shemeji. Babu alikuwa akiambiwa atengeneze lango anajibu "muda upo". Nimecheka na machozi yakanitoka, kwa sababu Bibi kwenye kaseti halitamki kama neno la kigeni. Analitamka kama Kiingereza cha kawaida cha kwao. Miaka zaidi ya 100 baada ya ile meli, mama wa Ohio anasema Kimanx na hajui.

Na mimi nilimwandikia mstari kwenye mti wa ukoo!

Hapa mradi umebadilika. Jedwali la majina litaendelea, lakini majina yako kwenye daftari za parokia, hayakimbii. Jedwali la pili linaanza leo, na kichwa chake ni: *mambo ambayo familia hii hufanya bila kujua kwa nini.* Nimewapigia simu wote. Nimewaambia wasiniambie kitu chochote wanachodhani ni cha Kimanx. Waniambie tu mambo ya nyumbani.

Jumamosi, 22 Juni

Mavuno ya wiki mbili.

Baba mkwe hasemi neno "panya". Miaka yote hii nilikuwa nikimsikia akisema gereji ina "mkia mrefu", nikadhani ni kindi. Kisiwani ni mwiko kumtaja panya kwa jina lake, hasa kwa wavuvi, na "mkia mrefu" ndilo jina la heshima. Nimemuuliza alilipata wapi. "Baba alikuwa anasema hivyo." Nikamweleza kwetu pwani usiku nyoka haitwi nyoka, anaitwa kamba. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ndugu.

Shangazi wa mume wangu, akipita kwa gari daraja dogo la kuelekea kanisani kwao, hupunga mkono. Kila mara, peke yake hata. Kisiwani kuna Daraja la Majini wadogo kwenye barabara ya Douglas kwenda kusini, na asiyewasalimu atajuta. Wenyewe hawawataji kwa jina, wanasema "hao wenyewe". Shangazi hajawahi kufika huko. Yeye anasema ni tabia tu.

Mkate bapa wa Jumamosi wa mama mkwe, wa mtindi, zabibu kavu na bekingi soda bila hamira, ni *bonnag*. Yeye anauita mkate wa Jumamosi. Nimejaribu kuuoka: mara ya kwanza nimekanda sana, ukatoka kama tofali. Unga unachanganywa tu mpaka ushikane, basi, mkono utoke.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ya Tynwald. Kule sherehe inaanza saa tano asubuhi, hapa ni saa kumi na mbili alfajiri. Tumekaa jikoni na nguo za kulalia, redio ya kisiwa kwenye simu. Bunge zima linatoka kanisani na kupanda kilima cha ngazi nne pale St John's, ambacho wanasema kimejengwa kwa udongo wa parokia zote 17. Sheria za mwaka zinatangazwa kwa Kiingereza na Kimanx. Mwenye malalamiko anapeleka ombi lake kwa maandishi chini ya kilima, mwananchi wa kawaida kabisa.

Siku hii wanavaa kifuani kijani cha *bollan bane*. Nikaangalia picha, nikasema mbona hili nalijua. Linaota kama magugu nyuma ya kituo cha basi chetu, hapa wanalichoma na kulipulizia dawa. Ni jamii moja na pakanga. Nimeenda kukata na mwanangu mdogo wa miaka sita, tukabandika kwa pini. Kanusa, kasema linanuka dawa ya bibi. Bibi wa Tanga, si wa Painesville. Pakanga ya tumbo aliyonyweshwa mwaka juzi, hajaisahau.

Jumapili, 18 Agosti

Tumegombana na wifi. Yeye anataka tuchapishe fulana zenye miguu mitatu kwa ajili ya mkutano wa ukoo, na pesa za mradi zitoke huko. Mimi nikasema fulana itafuliwa mara ishirini itakuwa kitambaa cha kufutia meza. Akaniambia, "Rahisi kwako kusema, wewe una lugha." Akanyamaza, na mimi nikanyamaza.

Ana haki. Walionyang'anywa lugha hawawezi kulaumiwa kwa kushika bendera. Mwaka 1901 sensa ya kisiwa ilihesabu wazungumzaji 4,419, na wazazi walishajua kwamba Kimanx hakimpi mtoto hata peni moja, kuna methali nzima ya kusema hivyo. Waliohamia huku waliandika barua kwa Kiingereza hata waliposali kwa Kimanx. Barua zote 31 za sanduku ni za Kiingereza, nimezisoma zote, na neno la Kimanx ni moja tu, *Ellan Vannin*, jina la kisiwa, tena limekosewa herufi.

Fulana zitachapishwa. Nyuma tutaweka *Traa dy liooar*. Hilo wazo ni la wifi.

Jumapili, 22 Septemba

Leo sikugusa sanduku. Nimempigia simu mama yangu Tanga ili wanangu wakae naye nusu saa bila mimi kutafsiri. Walitoa "Shikamoo bibi" safi kabisa, halafu wakaishiwa. Mama akawauliza shule, wakajibu kwa Kiingereza, akacheka, akauliza tena. Mtoto wa pili akaanza kumwonyesha meno yaliyong'oka. "Jino," mama akasema, akaonyesha moja. "Meno," akaonyesha yote. Dakika ishirini za meno. Nilirekodi kwa simu, nikaliita faili hilo "kaseti ya 10".

Alhamisi, 31 Oktoba

Hop-tu-Naa, usiku wa Wamanx wa kuchonga taa na watoto kuimba milangoni, kama Halloween ya huku. Huku mtaa mzima una maboga. Wamanx hawachongi boga, wanachonga tanipu lile kubwa la njano, ambalo huku huitwa rutabaga na kisiwani *moot*. Sasa najua kwa nini wahamiaji wa Marekani walikimbilia maboga. Tanipu ni jiwe! Kijiko cha kwanza kimepinda. Cha pili kimepinda. Baba mkwe akaleta drili, akatoboa mashimo kumi na mawili juu kama sega la nyuki, ndipo tukaweza kukwangua katikati kwa kijiko cha aiskrimu, uzi kwa uzi, mikono ikinuka kabichi. Saa moja na nusu kwa taa moja. Macho mawili, meno matatu, mshumaa mdogo, na kifuniko kikaanza kuungua kwa ndani. Harufu yake ni kama supu iliyosahauliwa jikoni.

Kwenye kaseti ya sita Bibi anaimba wimbo wa usiku huu, ule wenye mchawi Jinny, mishororo minne tu, kisha anasema "basi, vingine nimesahau". Tukaipiga kaseti hiyo nje ya mlango wa jirani. Watoto wakaimba naye, wakisahau pale pale aliposahau yeye, na kusema "basi, vingine nimesahau" kwa sauti yake, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Jirani akawapa chokoleti.

Jumapili, 3 Novemba

Jedwali la kwanza: mistari 338. Jedwali la pili: 27. Wifi kaongeza wa 27 jana usiku, kwamba mama yao hawezi kuondoka nyumba ya mtu kwa mlango tofauti na alioingilia. Sijapata kokote kama ni la kisiwani au ni lake mwenyewe. Linabaki na alama ya kuuliza.

Kaseti ya tisa bado haijafunguka, ganda lake limegundishwa kwa gundi badala ya skrubu. Nimeagiza wembe mwembamba, unafika Jumanne. Tanipu liko barazani, limeanza kuota ukungu wa kijani, na mwanangu mdogo amekataa lisitupwe.